Rangi ya Fedha Kwenye Geti la Bibi Kunegunda

Jumamosi, 7 Novemba 1992

Nimepata! Kalenda ya 1993: nyumba kumi na mbili za zamani za Songea, pamoja na mageti yake na nondo za maua madirishani. Zawadi ya Krismasi kwa kila mwenye jina mjini. Siku hizi biashara ni ruksa, na mpiga picha mwenye jicho ni mimi tu. Tumpe, mke wangu, kauliza kama Daimu wa Msamala naye hana jicho. Nimemjibu kwamba Daimu ana kamera tu.

Nyumba kumi na moja nimeshazipiga. Imebaki ya Bibi Kunegunda, hapa hapa Lizaboni. Geti lake alilifua marehemu mumewe, mzee Raphael, fundi chuma aliyefundishwa misheni. Mizabibu mitupu, majani hadi juu, na njiwa wawili. Januari hiyo! Nimekwenda kumwamkia na kuomba. Kakubali, nipige kesho.

Tatizo moja. Kutu.

Jumapili, 8 Novemba

Bibi kaenda misa ya kwanza. Nikabaki mimi na kopo la rangi ya fedha. Saa mbili na nusu geti linameta kama kalisi ya padri! Nikapiga mpaka filamu ikaisha.

Bibi akarudi. Akashika geti kwa mikono miwili, kama alivyozoea miaka yote. Viganja fedha. Sare ya kanisani fedha. Suala la kukauka sikuwa nimelifikiria.

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Aliketi kwenye ngazi, akasema taratibu, "Kajetani mwanangu, Raphael alisema geti hili lisipakwe rangi hata siku moja. Sasa nitamwambia nini?"

Nikamshauri asimwambie. Sijui kwa nini majirani walinifokea.

Jumatatu, 9 Novemba

Hukumu ya majirani: nisugue. Mafuta ya taa, mchanga, brashi ya waya. Jua la kuchoma. Daimu akapita, kamera shingoni, akasimama kunicheka. Akabaki. Hana kazi yule!

Mchana rangi ikaanza kutoka, na kutu ya miaka ikatoka nayo. Kwenye jani moja zikajitokeza herufi ndogo, zimegongwa kwa patasi. Nikadhani ni jina la kiwanda, nikazidi kusugua. Bibi akanidaka mkono. Akainama, akafuatisha kwa kidole: "Ku... ne... gu... nda."

Jani la pili, hivyo hivyo. La tatu. Yote!

Akatueleza kwamba geti lilipofuliwa yeye hakujua hata a. Alisoma baadaye, madarasa ya watu wazima, mzee keshazikwa na kutu imeshafunika. Mzee hakuwahi kumwambia. Bibi akaweka shavu kwenye chuma, anacheka na machozi yanamtoka. Hata mimi nikajifuta macho. Mafuta ya taa, nadhani.

Nikanyanyua kamera. Haina filamu! Nyuma yangu nikasikia: kacha.

Daimu.

Jumatano, 23 Desemba

Kalenda yangu imetoka. Safi sana, isipokuwa Januari, ambayo ni nyeupe tupu. Rangi ilirudisha jua lote kwenye kamera. Nawaambia wateja ni ukungu wa Madaba. Wateja wenyewe wawili.

Daimu naye katoa yake, ina picha moja tu, Bibi na geti lake. Iko kila sebule. Leo Bibi kaniletea nakala, zawadi ya Krismasi. Kasema, "Asante mwanangu. Bila ujinga wako ningekufa sijalisoma geti langu." Nimeipokea kwa heshima, kama msanii. Tumpe kaitundika juu ya meza yangu ya kazi na kusema, "Natumaini umejifunza."

Nimejifunza! Kosa lilikuwa kuchagua kitu ambacho mwenyewe anaweza kurudi. Kalenda ya 1994: makaburi ya zamani. Wenyewe hawaendi misa, hawavai sare, hawashiki kitu.

Mchana nimenunua mfuko wa chokaa.