Uzinduzi wa Kituo cha Mshiko wa Magurudumu, Gornje Vrtače

Mheshimiwa Naibu Waziri wa Barabara wa Jimbo, ambaye ameshindwa kufika. Mheshimiwa Mshauri wa Naibu Waziri, aliyefika kuwakilisha kutofika kwake. Mwenyekiti wa Halmashauri pamoja na mkeo. Efendi, imamu wetu. Baba Padri, uliyetuma salamu kutoka bonde la pili. Mabwana wakaguzi, na ninyi mnaowakagua wakaguzi. Wadau wote wa mpira, rimu na upepo. Kina mama mlioleta pita, mkate wetu wa kuokwa wenye viazi ndani, ambao harufu yake ilinipokea kabla yenu. Na ninyi wananchi wa kawaida wa Gornje Vrtače, ambao bila ninyi viongozi tungekuwa tunahutubiana wenyewe kwa wenyewe: asalaam aleikum, habari za mchana, na hongereni kwa kuishi mpaka siku hii ya kihistoria.

(Makofi. Theluji ya kwanza ya msimu inaangukia hema. Mzee mmoja anauliza kama kahawa ni sasa au mpaka hotuba iishe.)

Mimi, Safudin Kurtagić, Katibu Mkuu wa Ofisi ya Uratibu wa Mshiko, Uthabiti na Usalama wa Magurudumu, nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha ambayo, kwa mujibu wa tathmini ya ndani, imepanda kwa asilimia sitini na mbili ikilinganishwa na furaha ya mwaka jana. Ndugu zangu, mshiko ni nini? Mshiko ni ule uhusiano wa kimkakati baina ya tairi na barabara. Mshiko ukikosekana, gari linakuwa na maoni yake na dereva ana yake. Ndiyo maana Ofisi yangu imesema, na itaendelea kusema kila bajeti inaposomwa: mshiko kwanza!

(Sauti kutoka nyuma: "Mshiko mlishaupata, tunangoja matairi!" Kicheko.)

Nashukuru kwa mchango huo. Sasa, hatuwezi kuzungumzia mshiko bila kuugusa, kwa uchungu wa kitaasisi, Februari iliyopita, pale kwenye kona ya Babina Stijena, ambapo chombo cha usafirishaji wa wanafunzi kilipata mwelekeo usiokusudiwa.

(Bibi Zumra, aliyekaa mstari wa mbele na mkongojo wake: "Basi la watoto liliteleza, mwanangu. Sema tu.")

Liliteleza, bibi, naam, kwa lugha ya mtaani. Liliteleza likaenda ubavu, likavunja uzio, na likapata hifadhi ya muda kwenye mti mmoja mkubwa.

("Gurudumu la mbele lilikuwa linaning'inia hewani! Mjukuu wangu Ajla alivunjika mtulinga!")

Mfupa mmoja tu, bibi, kati ya mifupa yote iliyokuwa ndani ya basi lile. Kitakwimu huo ni ushindi. Na hapa nataka kumtambua dereva wa chombo hicho, Bi Ševala, ambaye namwona amesimama pale pembeni na koti lake la kijani. Bi Ševala aliwatoa watoto kwa dirisha la nyuma mmoja mmoja, akiwaambia wasilie wala wasirukeruke, basi lisije likaamka. Huo ni uongozi! Mpigieni makofi!

(Makofi marefu. Wengine wanasimama. Ševala hapigi makofi wala hacheki.)

Ni kweli kwamba tume niliyoiunda, na kuiongoza, na kuipongeza, iliandika kwamba chanzo kilikuwa uzembe wa dereva. Lakini Bi Ševala, usilichukulie kibinafsi. Tume lazima iandike kitu.

(Ševala: "Niliwaambia tangu vuli, Mheshimiwa. Matairi yalikuwa vipara. Nilikuja ofisini kwako, ukaniambia gari lina mfumo wa kuzuia kuteleza, nisiwe na wasiwasi.")

Na nilisema kweli! Wananchi, gari lile lina mfumo wa kisasa wa kudhibiti uthabiti. Gari likitaka kwenda ubavu, kompyuta inalishika breki gurudumu moja hapa, jingine pale, na taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Bi Ševala, je, taa haikuwaka?

("Iliwaka.")

Iliwaka! Mfumo ulifanya kazi!

("Iliwaka mpaka tukafika kwenye mti. Kompyuta ilikuwa inashika breki, tairi halina cha kushikia. Nilikuwa naona miti inakuja, nasikia Ajla ananiita mama, na mimi si mama yake.")

(Mtu anakohoa.)

Ndiyo. Naam. Ni kwa sababu ya maneno mazito kama haya kwamba Ofisi yangu haikulala. Tungeweza kununua matairi ya theluji ya basi lile na kumaliza, kama wanavyofanya watu wasio na dira. Sisi tukajiuliza: je, kununua matairi si kutibu dalili na kuuacha ugonjwa? Ndipo fungu la matairi ya basi la shule likahamishiwa kwenye mradi huu mkubwa, jumuishi na endelevu, Kituo cha Mshiko, ambamo kila dereva wa milima hii atafundishwa kuteleza kwa usalama, juu ya uwanja wa kuteleza wa kimataifa, wenye maji ya kunyunyiza, taa, mgahawa, na ukumbi wa mikutano wa kujadili ukumbi wenyewe!

(Makofi ya Mshauri wa Naibu Waziri. Sauti ya mwanamke: "Na kesho watoto wanashuka shuleni na matairi gani?")

Kesho, mama yangu, ni suala la utekelezaji. Mimi nazungumzia dira. Hata hivyo tusikate tamaa, matunda ya mradi yameanza kuonekana. Leo asubuhi mimi na msafara wangu tumepanda mlima huu katika theluji, tumepita kona ile ile ya Babina Stijena, na gari halikutikisika hata kidogo! Kwa nini? Kwa sababu gari la Ofisi, ambalo kama mnavyojua ni pacha wa basi lenu, yalinunuliwa siku moja, rangi moja, kila kitu kimoja, limevishwa matairi mapya ya theluji kwa fungu la Kituo. Mifereji yake ina kina, kidole kinazama! Nendeni mkayaone wenyewe!

(Watu wanatazamana. Ševala anamnong'oneza jirani yake, Rasim, baba wa watoto wawili. Rasim anawanong'oneza wengine. Ševala na wanaume kadhaa wanaondoka taratibu kuelekea maegesho, ambako basi la shule limesimama kando ya gari la Ofisi. Bibi Zumra anamgeukia Eso, dereva wa Katibu Mkuu: "Eso, mwanangu, unaganda hapa. Ingia ndani kwangu hapo jirani, pita inapoa." Eso anatazama gari, anatazama pita, anaingia ndani.)

Nawaona wanaoondoka kwenda kuyatazama. Huo ndio ushirikishwaji wa jamii! Sasa naingia sehemu ya pili ya hotuba, yenye vipengele vidogo. Ukaguzi wa upepo. Tairi lenye upepo pungufu ni kama mtumishi asiyelipwa posho, linapata joto, linalalamika, mwisho linapasuka njiani...

(Chuma kinagonga chuma. Mtu anasema kwa sauti ya chini: "Jeki iweke hapo, siyo hapo!")

...na nasikia kazi inaendelea, hongereni! Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, na mengine niliyojipa, natamka kwamba Kituo hiki kimefunguliwa rasmi. Semeni nami! Mshiko ni haki!

("Haki!")

Tairi ni uhai!

("Uhai!" Safari hii wanaitikia kweli, hata waliochuchumaa kwenye maegesho.)

Asanteni. Imebaki shukrani. Namshukuru Bwana Avdo kwa kutuazima malisho haya ya kondoo, ambayo atarudishiwa tukimaliza kula. Nawashukuru wenye kituo cha nchi jirani, ambacho picha yake mnaiona kwenye bango. Namshukuru mkandarasi, ambaye hajapatikana, na mhandisi, atakayemsimamia akipatikana. Na zaidi ya wote nawashukuru mafundi wa Kituo, wale pale kwenye theluji, ambao wakati wengine tunaongea wao wameinua magari mawili na wanabadilishana magurudumu kwa ustadi wa...

(Anafuta ukungu kwenye miwani.)

Ngojeni kidogo. Kituo hakina mafundi. Kituo hakina uwanja. Kituo, tuseme ukweli kati yetu, hakipo kabisa, fungu liliishia kwenye matairi yangu na hema hili. Sasa wale ni kina nani?

(Ševala anakaza nati ya mwisho, anainuka, anajipangusa mikono kwenye koti. "Ni wazazi, Mheshimiwa. La kwako tumelivisha yale ya kwetu. Ukiogopa kushuka nayo, panda kwangu. Nafasi ipo.")