Gauni la Satini na Komanda wa Mstari wa Mbele

Bernadette na Pauline, leo nimevuliwa nguo mbele ya ukumbi mzima, na nguo nilikuwa nimevaa.

Nawaandikia upesi kabla hamjayasikia huko Jadotville kutoka kwa midomo mingine. Treni ya kesho asubuhi itabeba watu waliokuwamo.

Mnajua mji wote unazungumza juu ya shindano la warembo. Katanga yetu, tangu ijitangaze nchi peke yake, inataka kupeleka msichana Ulaya, kwenye lile shindano la dunia, akasimame na wasichana wa mataifa mengine. Mimi nikajiandikisha. (Msiniulize kwa nini. Kioo cha kwetu ni kidogo, kinaonyesha uso tu.)

Tulikuwa tisa. Aliyetufundisha ni Madame Odile, mzungu mmoja wa mtaa wa Bel-Air ambaye anapata magazeti ya picha kutoka Ulaya. Alituambia kule msichana anapita mara tatu mbele ya majaji: kwanza na nguo ya kwao, halafu na nguo ya kuogelea, mwisho na gauni refu, kisha anaulizwa swali. Hapa kwetu nguo ya kuogelea Padri aliikataa, kwa kuwa ukumbi ni wa parokia. Badala yake mama mmoja miongoni mwa majaji alitupima kiuno nyuma ya pazia na kusoma namba kwa sauti, mpaka watu wa mlangoni wakasikia. (Yangu siiandiki. Karatasi ni fupi.)

Madame Odile alikuwa na amri moja, aliirudia kila siku: "Ukigeuka, geuka polepole. Mgongo ukiwa kwa watu, hesabu mpaka tano. Na litokee lolote, usiache kutabasamu."

Basi, gauni. Yaya Marthe ndiye aliyelishona, dada yangu mkubwa, mnaijua mikono yake. Satini nyeupe alipata, lakini ilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na kitambaa cha bitana hakuna dukani tangu vita. Akachukua magunia ya unga, yale meupe ya pamba, akayafua mara tatu. Maandishi ya buluu yakakataa kutoka. Akayageuza yatazame nje, upande wa satini, yasinipake rangi miguuni.

"Yaya, hayataonekana?" nikamuuliza.

"Iko ndani. Nani ataona? Bataangalia sura yako, hapana saki ya unga."

Sasa niwaambie jambo moja, na barua hii mtaichoma baada ya kulisoma. Yale magunia yalitoka kambini, kule walikokimbilia watu wa Kasai walipofukuzwa mitaani. Mjomba yuko kule tangu mwaka jana na watoto wake. Mama huenda kumwona kwa siri, anamchukulia mboga, na mjomba humpa magunia yaliyobaki matupu. Nyumbani hatumtaji. Baba ni mtu wa hukuhuku Katanga, ni wa reli, jina lake ndilo linalotulinda hapa mtaani Makomeno. Juu ya ukoo wa Mama, ule wa Kasai, tunafunga mdomo.

Jana asubuhi tulifanya mazoezi ukumbini. Gauni lilikuwa safi, halionyeshi kitu. Nililala vizuri. Mama hakulala. Alikuwa amesikia kwamba mstari wa mbele wamewekewa wakubwa wa jeshi.

"Clémentine, mwanangu, acha tu. Sema unaugua."

"Mama, ni kutembea tu na kugeuka."

Hakuja. Alisema atabaki na rozari yake.

Leo saa tisa alasiri tukaanza. Njiani kwenda huko tulikuwa tumesimamishwa na askari mara mbili, gauni nimelikumbatia ndani ya shuka kama maiti ya mtoto. Lakini mzunguko wa kwanza, na kikwembe, kitenge cha kwetu, ulikwenda vizuri. Watu walipiga makofi. Nikaanza kuiona ndege ya kwenda Ulaya.

Kitu ambacho sikukifikiri ni jua. Nyuma ya jukwaa la parokia kuna dirisha kubwa. Asubuhi jua huwa upande wa barabara. Alasiri huingia kwenye lile dirisha, lote.

"Namba saba," wakaita.

Nikatoka. Nikatembea kama nilivyofundishwa, kidevu juu. Nikafika katikati, nikageuka polepole, mgongo kwa watu. Moja, mbili. Nikasikia mguno. Tatu. Mtu akacheka. Nne, tano. Ukumbi mzima ukacheka, wakapiga na miguu chini.

Nikasema moyoni, wamenipenda. (Nisameheni, ndivyo nilivyofikiri.) Kwa hiyo nikageuka tena. Polepole zaidi. Safari hii nikahesabu mpaka nane.

Mzee mmoja wa nyuma akasoma kwa sauti, kama anayesoma Injili: "Don. Vente interdite." Kisha akatufasiria: "Ni zawadi, hapana kuuzisha. Sasa mahari tutapeleka wapi?"

Hapo nikatazama chini. Sketi yangu pana ilikuwa inawaka kwa jua kama taa, na ndani yake maandishi ya buluu yalizunguka kutoka paja hadi paja. Herufi kubwa kama mkono wangu. Hata uzito wa unga ulisomeka.

Kicheko kikakatika ghafla. Komanda wa mstari wa mbele alikuwa amesimama.

Akaja mpaka chini ya jukwaa. Mtu mrefu, macho makavu. Kila mtu anajua unga wa namna ile, wa msaada, unapelekwa kambi gani.

"Weye mutoto, iyi saki unaitosha wapi?"

Nilikuwa natabasamu. Nilitaka kuacha lakini uso ulikuwa umegoma.

"Kwenu ni wapi?"

"Makomeno, Komanda."

"Baba yako?"

"Anatumika ku reli, Komanda."

"Na mama yako? Iko muntu ya wapi?"

Bernadette, Pauline, nilimwona Mama na rozari yake. Nilimwona mjomba. Nikaendelea kutabasamu kama kichaa.

Ndipo mke wa komanda, mama mnene mwenye mkoba mweusi magotini, akasema bila kusimama, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani:

"Baba Jeannot, kuya ukae. Ile saki inauzwa ku soko yote. Shuka yako nilishonaka na ileile."

Komanda akageuka kumtazama.

"Njo maana unalalaka upande ya kuume," akaongeza mama. "Upande ya kushoto iko maandishi, inakukwaruza."

Sijui nani alianza. Nadhani ni Padri. Ukumbi ulilipuka, na majaji walifuta machozi kwa karatasi zao za alama. Komanda alibaki amesimama kidogo, mikono nyuma. Halafu akarudi kukaa, na nikaona mabega yake yanatikisika.

Swali langu hawakuniuliza. Nafikiri nilikuwa nimejibu ya kutosha. Nimekuwa wa nne kati ya tisa. Aliyeshinda ni msichana wa Naviundu, mzuri kweli, sina kinyongo. Walipomvika utepe, mwenyekiti akatangaza kwamba safari itangoja kidogo: wenye shindano kule Ulaya wamejibu kwamba wametafuta jina la nchi yetu kwenye orodha yao na hawajaliona.

Nimefika nyumbani nikamkuta Mama mlangoni. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Alikuuliza juu yangu?"

"Aliuliza, Mama."

"Ukasema nini?"

"Nilitabasamu."

Akakaa kwenye kizingiti, akafunika uso kwa kitambaa chake. Nilifikiri analia. Nilipomkaribia nikaona anacheka, na machozi yanashuka pamoja na kicheko, na mkono wake umeshika pindo la gauni langu hauachii.

Ninyi, tafadhali, msicheke. Na ikiwashinda, basi chekeni leo mmalize, maana Noeli ninakuja kwenu, na atakayenigeuza anisome mgongo sitamwachia hata kipande cha keki.