Pazia Nililomuuzia Kadiri

Jumatatu, 7 Juni 1999
Nimepoteza wateja wangu wote wa mchana tangu Ijumaa. Wote kumi na wanane! Na Ijumaa ndiyo siku niliyoufanya mgahawa uwe wa kisasa. Niling'oa lile pazia la mlangoni, nikatoa meza zote nje, verandani, kama kule Goma, upande wa pili wa mpaka, mpita njia azione brosheti, mishikaki yangu. Pazia nikamuuzia Kadiri wa ng'ambo ya barabara kwa kilo mbili za mchele. Nilicheka sana. Leo watu wangu wako kwake! Anatia nini kwenye ile pilau aliyotoka nayo Tanzania?

Mukagatare, mpishi wangu, ati: "Patron, bantu banaona haya kutafuna inje." Bon, sawa. Yeye apike. Biashara aniachie mimi.

Jumanne, 8 Juni
Uchunguzi. Nimeanza kwa Mama Liliane, Mkongomani anayeuza fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Pamejaa! Nimekaa chumba cha nyuma, chenye giza, nikala kwa raha zangu. Siri ni pilipili. Nimenunua pilipili.

Jumatano, 9 Juni
Pilipili mara tatu ya yake. Mteja mmoja: Mbonigaba, mbeba mizigo wa pale mpakani, Petite Barrière. Kakaa verandani, kauma nyama, mara mama mkwe wake huyo, na kikapu! Mbonigaba kasukuma brosheti nzima mdomoni, kameza, kasimama kumsalimia, machozi yanamtiririka. Mama wa watu kauliza nani kafariki.

Nimemwambia Mukagatare kesho tupunguze pilipili.

Alhamisi, 10 Juni
Kwa Siméon, aliyerudi kutoka Uganda. Matoke. Kazungushia mikeka, huoni mtu, lakini pamejaa! Siri ni karanga. Nimenunua karanga. Kwangu kaja mbuzi, kala maganda.

Ijumaa, 11 Juni
Mukagatare kasema pazia lisiporudi kesho, yeye anavuka barabara. Kadiri keshampa aproni. Usaliti!

Nimekwenda kwa Kadiri mwenyewe. Nimekaa kona, nyuma ya pazia langu, mtu asinione nikila kwa adui. Sahani mbili. Pilau ya kawaida kabisa! Nimemwuliza siri. Kacheka, ati, "Mzee, siri si umejificha nyuma yake?" Ananizungusha tu, huyu.

Nimeshaamua. Kesho asubuhi fundi anabomoa ukuta wa mbele, wote, watu waone hadi jikoni.

Na Kadiri nimemwandikia barua, itamfikia kesho kabla hajafungua: nakupa hadi saa sita mchana. Ni iliki au ni mdalasini? Jibu moja!