Ndoa Yangu Kuwekwa Nyuma ya Choo cha Shule

Kijiji cha Mtamba,
Njia ya Madibira, Usangu.
Juni, 1976.

Ndugu Mwenyekiti Ambrosi,

Pokea salamu kutoka nyumba ya nne baada ya kisima. Sisi ni wazima, ng'ombe ni wazima, hofu yetu ni juu ya ubao wako.

Naandika kwa heshima zote, mimi Shija wa mzee Budeba, kulalamikia ule ubao ulioutundika ofisini uliporudi semina Mbeya mjini. Uliagiza kila shughuli inayokusanya watu iandikwe hapo kwa namba, na kazi moja imalizike ndipo inayofuata ianze. Nakubali ulikuwa na sababu. Kabla ya ubao tulianza ghala, tukaacha. Tukaanza daraja, tukaacha. Ng'ombe wakalala ghalani na watu wakavuka mto kwa kuogelea. Lakini sasa namba moja ni choo cha shule, na ndoa yangu na Matilda, binti wa mzee Timotheo wa Iringa, ni namba saba. Mzee Timotheo amechoka kungoja. Amesema mwezi ukiandama bila harusi, atamsikiliza mwalimu Edmund, ambaye ana baiskeli na redio.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Choo hicho hakina mwisho. Tukichimba, shimo linajaa maji, tukichota, yanarudi. Bwana Afya alipokuja kulikagua alilisifu kuwa ni kisima kizuri. Na haraka ya choo iko wapi? Kijiji hiki ni kipya, vichaka vimejaa tele, na wakubwa kwa wadogo tunavitumia bila kugombana.

2. Choo na Matilda hawajuani. Ziko kazi zinazoshikana mikia, hilo hata ndama analijua: huwezi kukoboa mpunga ambao hujauvuna. Lakini mpiga ngoma wa harusi yangu hahitaji sururu, na mchimba shimo hahitaji ngoma. Sasa wote wawili wamekaa chini wanamtazama mwenzao anayechota maji.

3. Mpunga ni namba sita, nao umeiva bila ruhusa. Umesema tufukuze ndege kwelea ila tusivune. Kwelea hawajui kusoma, Ndugu Mwenyekiti. Wao wameanza na namba sita moja kwa moja, na wamenenepa.

4. Sekela, mke wa katibu wako, alijifungua tukiwa bado namba moja. Kwa kuwa wanawake waliokwenda kumtazama mtoto walikuwa wengi, ilihesabiwa ni shughuli, ukaitisha kikao aeleze kwa nini amewaruka wenzake. Akasema uchungu haukupita ofisini. Ndipo mtoto akaandikwa namba moja na nusu. Mimi nilichumbia kabla hata mimba ya mtoto huyo haijaingia, na leo yuko mbele yangu, tena hana jino.

5. Mzee Malimi aliugua mpaka tukamwita mchungaji. Katibu akaenda kumweleza taratibu kwamba msiba wake utakuwa namba kumi na mbili. Mzee akafikiri kidogo, akaomba uji. Ni raia mtiifu sana. Sasa anachunga ng'ombe. Hii nakiri ni faida, nimeiweka humu kwa ajili ya haki.

6. Ugonjwa wa ubao umeingia majumbani. Mama yangu, Mama Roza, zamani alikuwa akibandika maharage, anafagia huku yanachemka. Siku hizi anakaa mbele ya chungu mpaka yaive, ndipo ashike ufagio, ndipo afikirie ugali. Nikamwambia, mama, maharage yanachemka yenyewe. Akanijibu nikamweleze hivyo Mwenyekiti. Chakula cha leo tunakila kesho.

Kwa hiyo naomba upige mstari wa chaki katikati ya ubao. Upande mmoja zikae kazi zinazofuatana, upande mwingine zile zinazojitegemea, na mimi uniweke huko.

Lakini kadiri ninavyoandika naona hata mstari hauna haja. Kila kazi ianze itakapo! Ghala liezekwe kabla ya kuta, wenye nguvu watalishikilia paa. Nyumba yangu mwenyewe kuta zimefika magotini tu, nawe ulinisema kwa hilo kikaoni. Ndugu Mwenyekiti, nyumba ni nyumba na ndoa ni ndoa. Matilda na aje hata leo. Nampenda, na nikimkosa kwa ajili ya shimo la maji, sitalichota tena maisha yangu yote.

Nisalimie mama watoto, katibu, Sekela, na namba moja na nusu.

Ni mimi niliye nyuma ya choo kwa heshima,
Shija Budeba (Namba Saba)

Nyongeza: Kabla ya kukuletea barua hii nilimpa Joachim, kaka yake Matilda anayefanya kazi kwenye lori, anisahihishie Kiswahili. Yeye akaisoma kwao Iringa mbele ya ukoo mzima. Matilda akasema sawa, nyumba ni nyumba na ndoa ni ndoa, akafunga sanduku. Lori limefika sasa hivi. Ameshuka yeye, kitanda, shangazi zake, na bibi yake, Bibi Marta. Nimefurahi sana, hilo naomba liandikwe. Bibi amenisalimu kwa lugha ya kwao, "Kamwene," akaketi juu ya ukuta wangu, akatazama juu kutafuta paa. Hakulalamika hata kidogo. Ameuliza jambo moja tu baada ya safari yote hiyo: choo kiko wapi. Nimemwonyesha kichaka. Sasa amerudi ndani ya lori, na shangazi wanampandishia kitanda. Ndugu Mwenyekiti, ichane barua hii. Njoo mbio, njoo na kijiji kizima, njooni na masururu. Choo kwanza.