Programu Isiyohitaji Kitu

Jumatatu, 4 Machi

Imekamilika! Miezi kumi na moja, na nywele zilizokuwa zimebaki zimepungua nusu, lakini imekamilika. Programu ya kupanga miadi ya wagonjwa, kazi ya mikono yangu mwenyewe, kwa ajili ya kliniki ya meno iliyoko mtaa wa pili. Nimeibofya mara mbili, ikafunguka. Nikaifunga. Nikaifungua tena mara tisa, kwa raha zangu tu.

Nikampigia Daktari palepale. Nitakuja kuionyesha Jumamosi saa nne asubuhi. Akauliza waziandae vipi kompyuta zao. Nikacheka kile kicheko cha wataalamu. Nikamwambia, Daktari, programu yangu haihitaji kitu. Unabofya, inafunguka yenyewe. Ipo siku huu mdomo wangu utashitakiwa peke yake.

Kumbe mke wangu, Mama Pacha, alikuwa mlangoni anasikiliza. Akasema vizuri sana, basi tuwekeane ahadi. Ikifunguka yenyewe Jumamosi, chumba cha nyuma kinabaki changu. Isipofunguka, cherehani yake inatoka kwenye korido, inaingia humu dirishani penye mwanga, na mimi na kompyuta yangu tunahamia kando ya friji. Tukapeana mkono. Mimi ndiye niliyeunyoosha kwanza, mjinga mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeijaribu kwenye laptopu ya Mama Pacha, kwa kujidai tu. Nikamwita aje aone maajabu. Nikabofya. Kikatokea kisanduku cheupe: faili saidizi halipatikani, programu haiwezi kuanza.

Nikabofya tena, kwa nguvu zaidi. Kisanduku kilekile. Mama Pacha akasema kimefunguka vizuri kweli, ni kidogo tu, ila ni kizuri. Akaenda zake.

Na nani akaingia wakati huohuo? Shemeji! Kaka yake Mama Pacha, fundi wa kompyuta. Mtaani wanamwita Nilisema, maana hakuna janga alilowahi kulikuta bila kutamka neno hilo. Akaangalia skrini. Akavuta kiti. Akatamka.

Ni kweli alisema, mwezi wa kumi na mbili. Programu yangu haifanyi kazi peke yake. Inategemea mafaili mengine, na kwangu yapo kwa sababu yaliingia siku ile niliposakinisha zana ninayoandikia. Kwa watu wengine hayapo. Akasema programu yangu ni kama mgeni aliyekuja kulala bila shuka wala mto, halafu anamshangaa mwenyeji. Dawa yake ni nyepesi: mafaili hayo hutolewa bure na waliotengeneza zana, yanafungwa pamoja na programu, mtu anasakinisha vyote kwa mara moja, mbele za watu, hakuna aibu. Akajitolea kunifungia yeye mwenyewe.

Nikamshukuru sana. Nikamsindikiza mpaka getini. Nisakinishe kitu mbele ya Daktari baada ya kumwambia haihitaji kitu? Thubutu!

Nitayaingiza kwa siri.

Jumatano, 6 Machi

Mpango: kompyuta ya kliniki iko mapokezi. Dada wa mapokezi, mama mmoja mtulivu mwenye miwani ya mnyororo, huondoka saa nne kwenda kuchemsha chai. Dakika kumi. Mafaili ninayo kwenye flashi. Kilichokosekana ni sababu ya kukaa pale. Kliniki ya meno... Nikashika shavu!

Nimefika saa nne kasoro robo nikiugulia. Dada akauliza jino lipi, la juu au la chini. Hilo sikulipanga. Nikasema yote. Akanitazama juu ya miwani. Akasema nina bahati, mgonjwa wa saa nne ameahirisha, niingie sasa hivi. Nikasema maumivu yamepungua. Akasema pole baba, wote husema hivyo wakiuona mlango.

Kwenye kiti nikamwonyesha Daktari jino la kushoto. Akaligonga, akasema hili ni zima kama jiwe. Nikafurahi, nikaanza kushuka. Akasema subiri kidogo. Akachungulia kulia. Akamwita mwenzake naye aje achungulie. Wakaguna wote wawili. Akanisifu kwa ushujaa wangu, kwamba nimetembea na jino la namna ile bila kulalamika hadi leo.

Wameling'oa.

Nikatolewa nje na pamba mdomoni, shavu limekufa ganzi, nikae nusu saa mapokezi. Mapokezi! Dada akaenda kuchemsha chai yake aliyoichelewesha kwa ajili yangu. Nikateleza nyuma ya meza, nikachomeka flashi. Kompyuta ikauliza kama ninakubali masharti. Ninakubali. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ukafika mwisho! Ikauliza kitu kingine, nikabofya ndiyo bila kusoma, nilikuwa na haraka.

Ilikuwa inauliza kama izime na kuwaka upya.

Dada akarudi na kikombe, akakuta skrini nyeusi. Orodha ya miadi ya wiki nzima, aliyokuwa ameiandika tangu asubuhi na hajaihifadhi, imekwenda na maji. Akanitazama. Nikanyoosha kidole juu, kwenye taa, kuashiria umeme. Taa ilikuwa inawaka.

Lakini mafaili yameingia! Jino moja kwa chumba kizima. Si bei mbaya.

Alhamisi, 7 Machi

Shavu limevimba, nala supu tu. Mama Pacha ananihurumia kwa dhati, ameniletea hata mto. Halafu akatoa utepe wake wa kupimia na kuanza kupima chini ya dirisha. Nikamwambia apime taratibu, asichoke bure. Akasema hachoki.

Shemeji alipita kunijulia hali. Akauliza kama nimeshayafunga mafaili na programu. Nikasema hilo limeshughulikiwa. Akauliza limeshughulikiwaje. Nikashika shavu nikaugulia. Ugonjwa una faida zake.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Ile sehemu ya kusema "inafunguka yenyewe" nimeisema mara ishirini, na mkono ukipepea. Kwa pengo lililopo inatoka na upepo kidogo. Inapendeza.

Mama Pacha amesema kesho atakuja kushuhudia. Amemwalika na kaka yake. Waje! Waje wote!

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika harakaharaka, kama mtu anayebandua plasta.

Saa nne kamili. Daktari, dada wa mapokezi, Mama Pacha, shemeji, na wagonjwa wawili wenye mashavu yao. Nikaelekea mezani kwa dada kwa madaha. Daktari akanishika bega. Akasema hapana, njoo huku ofisini, tutatumia laptopu yangu mpya. Ile ya mapokezi haiaminiki tena, Jumatano ilijizima yenyewe na kumpotezea dada kazi yake yote.

Dada akasema hajui ilipatwa na nini. Alisema hivyo akinitazama mimi.

Nikajaribu. Nikasema programu yangu imezoea mashine zenye uzoefu. Nikasema laptopu mpya zina aibu. Daktari akasema lakini wewe ulisema haihitaji kitu. Mama Pacha akadakia, kwa sauti tamu kabisa, ndivyo alivyosema, Daktari, hata mimi nilimsikia.

Nikabofya. Kisanduku cheupe.

Mgonjwa mmoja akaniuliza, kwa upole, kama hiyo ndiyo programu yenyewe.

Hapo shemeji akaja mbele na flashi yake. Akamweleza Daktari kwamba programu hii, kama nyingi za aina yake, ina mafaili inayoyategemea, yanawekwa mara moja tu, dakika mbili, na baada ya hapo hakuna usumbufu. Daktari akasema ahaa, ni hilo tu? Si mngeniambia tangu Jumatatu, ndiyo maana niliuliza. Dakika mbili zikapita. Programu ikafunguka. Wakaipenda! Dada akaiingizia miadi ya wiki nzima hapohapo, kila jina likakaa mahali pake, na akasema afadhali, hii inajihifadhi yenyewe. Daktari ameichukua.

Nilimsubiri shemeji atamke. Hakutamka. Alitabasamu tu, akanipa ile flashi kama zawadi: kila kitu kimefungwa humo, programu na mafaili yake, nikienda kwa mtu mwingine nichomeke tu. Bora angetamka.

Nyumbani, hukumu. Nilijitetea kwamba ilifunguka. Mama Pacha akasema ilifunguliwa. Ila kwa kuwa Daktari ameipenda, na kwa heshima ya jino, amenipunguzia adhabu. Dirisha ni lake. Mimi nabaki na nusu ya chumba, upande wa mlango. Mlango wenyewe unafungukia ndani, kwa hiyo kila akiingia ninapigwa kiwiko.

Jumapili, 10 Machi

Cherehani inanguruma tangu asubuhi. Vipande vya uzi kwenye kibodi. Kiwiko mara sita.

Lakini habari njema! Daktari amenisifia kwa rafiki yake, daktari wa mifugo aliye nyuma ya soko, na huyo amepiga simu mchana. Naye anataka programu. Mama Pacha akasimamisha cherehani ili asikie. Nikampa sharti jipya: kwa huyu ikifunguka yenyewe, dirisha linarudi kwangu. Akanyoosha mkono bila hata kuinuka.

Daktari wa mifugo aliuliza kama kuna cha kuandaa. Nikamwambia hakuna. Haihitaji kitu.

Ile flashi ya shemeji nimeifuta, nimepata nafasi ya kuweka muziki wa tarumbeta utakaopigwa programu ikifunguka. Mafaili nitayapakua tena, ya kuingiza kimyakimya. Safari hii nitaanza na laptopu.

Jirani ameniazima paka wake mpaka Jumatano. Ni mzima, mnene, ana nguvu kama mbuzi. Tangu saa tisa niko chini ya meza namfundisha kuchechemea.