Mwalimu wa Kiswahili Aliyeachiwa Fizikia

Kwa Ndugu Mratibu wa Mafunzo ya Walimu wa Hisabati na Sayansi,

Natumaini barua hii itakukuta ofisini, ingawa moyoni najua itakukuta hotelini, kwenye warsha. Ikiwa hivyo, tafadhali isome wakati wa chai, maana nasikia huko chai haikatiki.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nafundisha ushairi, ufahamu na insha, na hadi muhula uliopita nilikuwa mtu mwenye amani. Nakuandikia kwa heshima zote kuomba jambo moja tu: usitishe mafunzo hayo mara moja, uturudishie walimu wetu wawili kabla darasa la mtihani halijaharibika mikononi mwangu. Sina ugomvi na elimu. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Shule yetu ina utaratibu wake. Mwalimu wa fizikia au wa hisabati akiitwa kwenye mafunzo, vipindi vyake hupewa mwalimu aliye huru, na mwalimu aliye huru siku zote ni mimi. Siko huru hata kidogo. Nina rundo la insha mezani ambalo wenzangu wameshaanza kuliegemea wakipiga soga. Lakini makamu mkuu wa shule, mama mpole anayekumaliza kwa tabasamu, anaamini Kiswahili ni somo linalojifundisha lenyewe. Nilipompelekea malalamiko alinishika bega akasema, "Mwalimu wangu, Kiswahili watoto hawa wanakiongea hata usingizini. Hebu nenda kashike fizikia kidogo." Hiyo kidogo ndiyo hii inayoingia muhula wa pili. Kwanza ilikuja warsha ya mbinu mpya, ikafuata warsha ya kutathmini ile warsha ya mbinu mpya, na sasa wenzetu wako kwenye mafunzo ya namna ya kupunguza utoro wa walimu madarasani. Yamewatoa madarasani wiki ya tatu hii.

2. Kwa kuwa sijui kufundisha fizikia, ninaifundisha ninavyojua kufundisha. Msuguano niliufundisha kama tamthilia. Niliwaambia kani ndiyo mhusika mkuu na msuguano ni mhusika mpinzani, kisha nikauliza mgogoro uliopo ni upi na umetatuliwaje. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye wenzake humwita Kwanini kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kila akifungua mdomo, alijibu kwamba umetatuliwa kwa grisi. Nikampa alama zote. Tulipofika kwenye ukinzani wa umeme niliwataka waandike dhamira, nusu ya darasa wakaandika uvumilivu. Kanuni ya mwendokasi waliihakiki fani na maudhui, wakafikia uamuzi kwamba mtunzi wake ni bahili wa maneno. Hebu fikiria, Ndugu Mratibu, msahihishaji wa mtihani akikutana na majibu hayo na hajanywa hata chai. Hisabati nayo naifundisha kwa imla. Nasoma, wanaandika. Hakuna aliyekosea hata nukta na hakuna aliyeelewa, nami niko kwenye idadi hiyo.

3. Walimu wenyewe mnaturudishia wakiwa wameharibika. Mwalimu wa fizikia, tunayemwita Waya kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyokurusha ukimgusa vibaya, alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hizi hawezi kuomba sukari bila kutugawa katika makundi. Aliporudi mara ya mwisho alibandika karatasi ukutani katika chumba cha walimu, akatutaka tuorodheshe matarajio yetu kuhusu uji wa saa nne. Mhasibu aliandika kwamba anatarajia kuunywa.

Ya mwalimu wa hisabati hayachekeshi, na hapa naomba uniwie radhi nikipandisha sauti. Yule mama alirudi na njia ya kufundisha sehemu, yaani zile nusu na robo, kwa kukunja na kukata karatasi, njia safi kabisa. Alitufundisha pale pale juu ya meza ya chai. Mimi, niliyekimbia sehemu tangu nikiwa na meno ya utoto, nilielewa, na nusura nilie. Akasema kesho yake anaingia nayo darasani. Kesho yake mkampigia simu aende hoteli nyingine kuwaeleza walimu wengine jinsi anavyofanikiwa nayo darasani. Njia hiyo sasa inajulikana na kila mtu isipokuwa mwanafunzi. Jambo hili liliniuma, na bado linaniuma.

4. Vifaa navyo huhudhuria. Sanduku la maabara lilichukuliwa kwa ajili ya maonyesho, likapewa hata kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, ingawa halina shingo. Katika maabara yetu mmetuachia mabomba ya maji na picha ya mifupa ya binadamu. Hiyo picha nayo ni mali ya mwalimu wa biolojia, na naona ameanza kuisogelea.

5. Nyumbani mambo si shwari. Mke wangu ni fundi cherehani na hapendi kelele. Anasema aliolewa na mtu wa mashairi, sasa anaishi na mtu anayefungua tochi mezani na kuuliza watoto wanaonaje. Juzi nilimweleza kwa nini cherehani yake inapata moto. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaisogeza sahani yangu mbali nami. Nikionekana nimekonda, sababu ndiyo hiyo.

Ukiona huwezi kusitisha mafunzo, nina mapendekezo mengine, nayo nayatoa kwa nia njema. Walimu wako hotelini. Vifaa viko hotelini. Mbinu ziko hotelini, na chai ndiyo usiseme. Kwa hesabu yangu ya mtu wa fasihi, shule iko hotelini, kilichobaki nyuma ni wanafunzi tu. Tuleteeni usafiri tuwalete. Watakaa viti vya nyuma, hawatagusa maandazi.

Hilo nalo likishindikana, basi niandikieni rasmi kwamba mimi ndiye mwalimu wa fizikia na Waya ni mshiriki wa kudumu. Nikishakuwa mwalimu wa fizikia mtalazimika kuniita kwenye mafunzo. Nikiitwa, vipindi vyangu vitapewa mwalimu wa Kiswahili, ambaye atakuwa hayupo, kwa kuwa ni mimi. Hapo makamu mkuu wa shule atatafuta mwalimu wa Kiswahili kila kona, na kwa mara ya kwanza atajua kwamba somo hilo huwa lina mtu.

Nisalimie wawezeshaji wote, nisalimie wapishi, msalimie Waya na umwambie chaki zake nimezimaliza. Mwalimu wa hisabati mpe salamu za pekee, mwambie bado tunamsubiri na mikasi. Mke wangu anakusalimu, japo hajui nakuandikia.

Nabaki mtiifu wako, nikiwa na vumbi la chaki ya somo la wenzangu,

Mwalimu wa Kiswahili na Mengineyo

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha ndipo likatokea jambo. Tulikuwa kwenye sura ya mwanga, nami nilivua miwani yangu ya kusomea ili nipanguse macho. Yule Kwanini wa dawati la nyuma akaiomba. Akaisogeza karibu na ukuta, huku na huku, na mara dirisha letu zima likaonekana ukutani likiwa juu chini. Uwanja ulikuwa juu, mbingu chini, na makamu mkuu wa shule alikuwa akikatiza uwanjani polepole, miguu hewani. Kisha wote wakaniuliza kwa pamoja ni kwa nini, hata wale ambao hawajawahi kuniuliza lolote katika lugha yoyote. Sijui. Niliwaambia sijui, tukakubaliana kila mtu akafikirie, na tangu hapo nimechora mistari hadi nyuma ya insha za watu. Ndugu Mratibu, Waya akirudi atawapa jibu kabla hajakaa, mimi nikiwa bado sijalipata. Nakuomba sana, mtafutie warsha nyingine, japo ya wiki moja.