Tuliagiza Gari, Si Mwanamke

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kuuza Magari Yaliyotumika,
Huko Ng'ambo.

Ndugu Meneja,

Huna haya. Ningekuwa mama yako ningekuvuta sikio hadharani, mbele ya hayo magari yako yote. Mjukuu wangu ndiye atakayeigeuza barua hii kwa lugha yenu, na akilainisha neno hata moja nitajua.

Binti yangu alinunua gari kwako ili baba yake, ambaye magoti yamegoma, apate kwenda kliniki bila kubebwa kama gunia. Limefika salama, rangi nzuri, viti havijachanika. Kwa hayo ahsante. Sasa nisikilize.

1. Ukiliwasha, mwanamke anaongea. Sauti laini, kwa lugha yenu. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini nilisomewa karatasi zote za bandarini: injini imo, taa zimo, tairi la akiba limo. Mwanamke hakuandikwa. Mlimvushaje?

2. Mzee wangu humjibu. "Ndiyo mama, nimekusikia." Ndugu Meneja, nimeishi na fundi saa huyu miaka arobaini na sita, mimi hajanisikia hata siku moja! Sasa ananyoa ndevu ndipo aende kukaa garini, na gari lenyewe liko hapo hapo uani. Chai anataka nimpelekee huko huko. Nipeleke vikombe vingapi?

3. Amegundua kwamba gari likirudi nyuma, mwanamke huongea zaidi. Basi mzee haendi mbele tena. Juzi kaenda dukani kinyumenyume, karudi kinyumenyume, shingo imepinda mpaka leo. Mwenye duka ananiuliza, "Bibi, nyinyi mnakuja au mnaondoka?"

4. Fundi magari, aliyeyazoea magari ya kwenu, kanieleza kuwa huyo mwanamke anasema kadi haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara za huko. Nikafurahi: kumbe hana mapenzi, yuko kazini. Nikamwambia mzee. Akasema, "Masikini, siku zote hizi anaomba kadi!" Akachomeka kadi yake ya kliniki kwenye kitundu cha kadi kilichoko pale mbele. Haijatoka. Kliniki nao wanasema bila kadi hawamjui. Kwa hiyo gari la kumpeleka kliniki ndilo lililomfungia kliniki.

5. Nikaingia mwenyewe, nikamuuliza kwa adabu, "Binti, wewe ni wa nani?" Akanijibu maneno mawili makavu, basi. Mimi sijapata kuwa na mke mwenza, na sitaanza na wa kwenye dashibodi.

Kwa heshima zote, naomba umwondoe ndani ya siku saba. Nauli yake juu yako.

Wasalimu wenzako wa ofisini, na wake zenu, na watoto. Mama aliyekuzaa msalimu peke yake, mwambie hasira zangu si zake.

Ni mimi, mwenye gari na mwenye mume,
Bibi.

Nyongeza: Kabla barua haijaondoka, fundi magari kaja, kaitoa kadi, na waya wa yule mwanamke kaukata. Mzee karudi jikoni. Tangu asubuhi kakalia kigoda changu, saa mkononi: kitunguu hakikatwi hivyo, moto umezidi, maharage yamechelewa dakika nne. Kumbe wiki tatu zile alizoshinda garini nilikuwa napika kwa raha zangu. Futa yote niliyoandika hapo juu. Tuletee mwanamke mwingine, tena awe anaongea hata gari likienda mbele. Na usimpakie melini, meli inachelewa. Mpandishe ndege.